Programu ya mazoezi ya mbali kwa Walatino wenye MS: tulivyoiona hapa Houston

Wadau mnaoishi Marekani, hasa nyie mnaofanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, someni hii maana huku Texas, California na Florida wateja wenu wengi ni Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Naongelea programu ya mazoezi ya mbali, unafanyia sebuleni kwako na kochi, yaani mwalimu wa mazoezi, mnaonana kwa vidio, imetengenezwa kwa ajili ya Walatino wenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva) na inaendeshwa kwa Kihispania. Jina siliweki, ninachotaka mjue ni vitu vya kuangalia kwenye programu yoyote ya aina hii. Mimi naipa nyota nne kati ya tano.

Aliyeifanya ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu, kwao asili ni Monterrey, Mexico, ila Houston wamekaa miaka mingi. Mimi ndo nilikuwa nakaa naye wakati wa mazoezi kwa hiyo nimeona mwanzo mpaka mwisho.

Kwa asiyeijua MS, ni kwamba kinga ya mwili inageuka inashambulia lile ganda linalofunika neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na hata neva ya jicho, mtu anapata ganzi, miguu inakuwa mizito, macho yanafifia, halafu kuna uchovu ambao hata ulale vipi unaamka nao. Hapa Marekani wapo karibu watu milioni 1. Zamani walisema ni ugonjwa wa wazungu na ni kweli Walatino hauwapati kwa wingi kama wazungu, ila unaowapata mara nyingi unawaanza wakiwa na umri mdogo zaidi, na Dkt. Lilyana Amezcua wa University of Southern California ni mmoja wa waliolifuatilia hili kwa miaka mingi. Wifi ulimuanza kwenye jicho akiwa bado chuo.

Sasa niwaambie kilichonifanya niipende hii programu, ni kochi. Mama mkwe alikuwa hataki kabisa kusikia habari ya mazoezi, mtoto hata akishika ufagio ananyang'anywa, anaambiwa kaa upumzike mwanangu utajimaliza. Na msimlaumu, maana hata madaktari kwa miaka mingi walikuwa wanasema hivyohivyo! Mwaka 1890 daktari mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kwamba wagonjwa wake wakijishughulisha sana macho yanafifia, ikawa wenye MS wanaambiwa watulie. Baadaye ikaeleweka shida ni joto la mwili, neva iliyochubuka ganda ikipata joto inapitisha taarifa vibaya, mwili ukipoa hali inarudi kama ilivyokuwa, ugonjwa wenyewe haujazidi. Mwaka 1996 utafiti uliofanyika Utah ukaonyesha wagonjwa waliofanya mazoezi wiki 15 walipata nguvu na pumzi na hawakudhurika. Basi kochi, mwenyewe ni Mlatino, siku ya kwanza tu akaomba mama awepo kwenye vidio, akamwita Doña kwa heshima zote, akamuelezea hayo taratibu kwa Kihispania cha nyumbani mpaka akaelewa. Kuanzia hapo mama mkwe ndo akawa anamkumbusha binti yake muda umefika. Karatasi peke yake isingeweza hata siku moja, kwa familia hizi mama akikataa jambo limekataliwa, sisi Waswahili hilo si geni kwetu.

Mazoezi yenyewe hayana makuu. Siku mbili kwa wiki kutembea kwa kasi, siku mbili mazoezi ya nguvu kwa zile bendi za mpira, unaanza na dakika chache unapanda polepole mpaka dakika 30, na unapewa kifaa cha kuhesabu hatua. Siku ambazo nje hakufai, na Houston kiangazi jua linapita nyuzi 35 kirahisi sana, anatembelea palepale sebuleni kwa kumbia, muziki wa dansi wa Kilatino, nyimbo anachagua mwenyewe. Kochi alimsisitizia feni iwake, anywe maji ya baridi kabla, na afanye asubuhi mapema. Mwanzoni nilikuwa na wasiwasi kwamba ya nyumbani hayawezi kuwa sawa na ya kwenda kituoni, lakini kuna utafiti mkubwa unaitwa STEP for MS, wiki 16, ulilinganisha wanaofanyia nyumbani na wanaokwenda kituoni, majibu yalitoka 2023 na upande wa kutembea wa nyumbani hawakuachwa nyuma. Kwa mtu asiye na gari kwenye mji kama huu hiyo ni habari kubwa sana.

Nyota moja nimeikata kwa sababu hizi. Fomu za kujiunga na ukurasa wa kuingilia vyote Kiingereza, sasa unamwita Mlatino halafu mlango wenyewe hausomeki kwake, wangapi wanaishia hapo? Na vile vijitabu vyao Kihispania chake kigumu, kinaonekana kimetafsiriwa na mashine, mume wangu kuna sehemu alisoma mara mbilimbili na bado hakuelewa. Pia wanahitaji intaneti ya uhakika, anayetegemea bando la simu vidio itamkatikia kila saa. Lililoniudhi zaidi ni zoezi la kusimama mguu mmoja, vidio inamwambia asimame na hakuna aliyeuliza kama kuna mtu karibu au hata ukuta wa kushika! Mtu mwenye MS akianguka ni balaa jingine, nikawa nasimama nyuma yake kila mara, jamani hili msilichukulie poa. Halafu wa kiti cha magurudumu mazoezi yao ni machache mno, kama wamekumbukwa mwishoni.

Uchovu haujaisha, nisiwadanganye. Ila ngazi za apatimenti anapanda bila kukaa katikati na dukani anamaliza kununua vitu vyote bila kurudi kwenye gari kupumzika, kwake hayo ni makubwa na mimi kumuona hivyo nafurahi sana. Kama mteja wako au ndugu yako anataka kujiunga, aanze kwa daktari wake wa neva, halafu aulize kochi ni nani na anaongea lugha gani, asiulize vijitabu. Na kama anafanya kazi mchana, aombe muda wa jioni wa kuonana na kochi kabla hajajaza fomu, maana wifi alipewa saa saba mchana wakati yuko kazini na kuja kubadilishiwa ilichukua muda mrefu.