Sisi ya Yevgeny Zamyatin: Uasi Unaoanza na Neno "Mimi"

Riwaya ya Sisi ya Mrusi Yevgeny Zamyatin nimeisoma mara mbili, zote katika tafsiri ya Kiingereza ya Clarence Brown iliyotolewa na Penguin mwaka 1993, na kila mara nimeiweka chini nikiamini kwamba msomaji wa Kiswahili ana mlango wake mwenyewe wa kuiingilia. Iliandikwa mwaka 1920 na 1921, ikachapishwa kwanza New York mwaka 1924 kwa Kiingereza, ilhali katika nchi ya mwandishi haikuchapishwa hadi 1988. Anayependa riwaya za distopia, yaani za jamii za kubuni zinazokandamiza watu wake, atakuta humu chimbuko la mengi aliyoyasoma kwingine.

Katika Dola Moja, nchi ya kubuni ya riwaya hii, hakuna majina, kuna namba. Watu huvaa sare za rangi ya samawati iliyofifia zenye beji ya dhahabu kifuani, huishi katika nyumba za vioo ambamo kila jirani anamwona mwenzake, na hutafuna kila tonge mara hamsini kwa mujibu wa sheria. Saa za mtu kuwa peke yake ni mbili tu kwa siku: saa kumi hadi kumi na moja jioni, na saa tatu hadi nne usiku. Pazia huteremshwa kwa idhini maalumu, siku ambayo namba fulani imeandikishwa kukutana kimwili na nyingine. Kinachotisha ni kwamba msimulizi, D-503, anayapenda haya yote. Yeye ni mhandisi anayejenga chombo cha anga kitakachopeleka furaha hii ya lazima kwenye sayari nyingine, na ameanza kuandika kumbukumbu zake ili kuisifu Dola. Zamyatin mwenyewe alikuwa mhandisi wa meli aliyewahi kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu huko Uingereza, na mapenzi yake kwa hesabu na vyuma yanaonekana wazi. Hamdhihaki D-503 hata kidogo.

Hapa ndipo kitabu kinapokuwa kikubwa. D-503 anaanza kuandika kwa nafsi ya wingi: tunafikiri, tunaamka, tunapiga hatua. Lakini kumbukumbu haziandikwi na umma, huandikwa na mkono mmoja, na kadiri anavyotaka kueleza kwa ukweli kilichompata baada ya kukutana na mwanamke aitwaye I-330, ndivyo ile "tu-" inavyompotea na "ni-" kuchukua nafasi yake. Uasi wake haukuanza na silaha wala mkutano wa siri, ulianzia kwenye kiambishi. Anapokwenda kwa daktari akilalamika kwamba usiku anaona ndoto, anaambiwa kuwa hali yake ni mbaya kwa sababu ameota roho. Kiswahili kinalibeba jambo hili vizuri kuliko Kiingereza nilichokisoma, kwa kuwa kwetu kuota ni kumea na pia ni kuona ndoto, na kwa D-503 mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja.

Sisi tuliolelewa kwa methali ya "umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu" tunaweza kuhofu kwamba riwaya hii inaushambulia ujamaa wenyewe. Sioni hivyo. Mwandishi wa Kenya Katama Mkangi, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, aliunda jina la nchi yake ya kubuni kutokana na maneno "wale ni sisi", na "sisi" hiyo ni ya kumtambua mwenzako. Ile ya Dola Moja haimtambui yeyote, inahesabu tu.

Wasomaji wengi humtaja I-330 kuwa ndiye muasi wa kitabu hiki, na kweli ujasiri wake mbele ya mateso hausahauliki. Mimi nilivutwa zaidi na O-90, mwanamke wa mviringo na mpole ambaye sheria imemkataza kuzaa kwa sababu ni mfupi kwa sentimita kumi kuliko kipimo cha akina mama. Anajua kwamba adhabu ya kushika mimba ni kifo, na bado anamwomba D-503 ampe mtoto. Hana hoja za kisiasa wala hajiungi na kundi lolote. Anataka kuwa mama, basi, na Dola yote yenye mashine zake haina jibu kwa hilo isipokuwa kumuua.

Jambo moja lilinikwaza. Mshairi R-13, anayetunga beti za kusifu hukumu za kifo, anaelezwa mara kwa mara kwa midomo yake minene ya Kiafrika inayorusha mate kila anapotamka "p". Ni vigumu kutomwona humo Pushkin, mshairi mashuhuri wa Urusi, ambaye babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika. Hata hivyo, midomo hiyo inarudiwa kupita kiasi, na msomaji wetu ana haki ya kuudhika. Vilevile, sura za katikati, ambamo D-503 anakimbia huku na huko akiwa amevurugikiwa, zinachosha. Sentensi zinakatika katikati, na mara mbili ilinibidi nirudi nyuma kujua nani yuko wapi.

Sura ni arobaini, nyingi za kurasa chache, kwa hiyo kinafaa kusomwa kidogokidogo jioni. Kwa kijana wa sekondari aliyezoea Kiingereza cha darasani, lugha ya Brown haitamshinda. Utangulizi ni bora uachwe hadi mwisho, ili mtu afike sura ya mwisho bila kuonywa, ausikie mwandiko wa D-503 ukirudi kuwa safi, mtulivu na usio na kosa, huku akimtazama I-330 chini ya kengele ya kioo inayonyonywa hewa, akisimulia kana kwamba hakuwahi kumjua.