Meli haina lawama, ila kufika kwenye meli!

Safari yenyewe ya Mto Nile, Luxor hadi Aswan, sina neno. Chakula, vyumba, mahekalu, hayo mtayaona kwenye picha. Nina neno na wakala wa hapa mjini aliyetuuzia huduma ya kupokewa uwanja wa ndege "hadi mlangoni mwa meli". Pesa yake aliitaka kando, kwa M-Pesa, kabla hatujaona tiketi.

Luxor tulitua usiku, mimi na mama. Dereva alikuwepo na kibao cha jina letu, na mjini si mbali. Akatushusha barabara ya kando ya mto, akanyoosha kidole kwenye taa kule chini, akaondoka.

Sasa, meli za kule hufungwa ubavu kwa ubavu, zimebanana kama matatu za Odeon jioni. Yako ikiwa ya nje kabisa, unapita ndani ya mapokezi ya zile nyingine mpaka uifikie. Sawa, ndivyo bandari yao ilivyo. Lakini si tungeambiwa? Mama ana goti bovu. Kushuka ngazi na masanduku, kuingia meli ya kwanza, si hii. Ya pili, si hii, na hakuna anayejua yetu iko wapi.

Nikampigia wakala. Alivyonijibu bado yananichoma: "Madam, hata hapa Nairobi teksi haikufikishi kitandani." Akacheka! Mama yangu amekaa juu ya sanduku, na mtu mzima anacheka. Waliotuokoa ni vijana wa meli ya jirani, nao nikawapa bakshishi kutoka mfukoni mwangu.

Haya, nisiwe mchoyo wa shukrani. Kurudi, dereva wa Aswan, aliyeletwa na wakala huyo huyo, alifika mapema, akaingia hadi mapokezi, akamshika mama mkono. Uwanja wa Aswan uko ng'ambo ya magharibi, na tulipovuka juu ya bwawa la zamani, lile la Waingereza la 1902, akapunguza mwendo mama aone maji. Hapo nilishakata shauri: nyota nne.

Juzi wakala ananitumia ujumbe: "Madam, tupatie nyota tano, ofa ya Desemba imefika." Hata pole ya Luxor hana! Zimebaki mbili. Mama naye anasema turudi na mtu huyo huyo, mradi apate dereva wake wa Aswan. Labda. Lakini kwanza pesa ya Luxor irudi kwenye simu yangu.