Sauti za kuathiri ubongo: mapigo ya masikio mawili (binaural beats) au mlio wa hezi 40?
Mapigo ya masikio mawili hayaendi bila hedifoni: sikio moja hupewa sauti ya hezi 400 (mitetemo 400 kwa sekunde), jingine 410, na ubongo husikia mdundo wa hezi 10 ambao haumo hewani. Kuna majaribio yaliyoona yakipunguza wasiwasi kabla ya upasuaji, lakini wauzaji wa programu za usingizi huahidi makubwa zaidi.

Mlio wa hezi 40 hupigwa kwa spika yoyote, tiki 40 kila sekunde (kuusikiliza saa nzima ni adhabu). Mwaka 2019 maabara ya mtafiti wa ubongo Li-Huei Tsai, katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, ilionyesha kwamba ulipunguza protini ya amiloidi, ile inayorundikana katika ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, katika ubongo wa panya waliotumika kuuchunguza. Panya si binadamu, ila fedha ya utafiti ningeiweka hapa.