Nilikwenda na koki iliyovunjika mfukoni: uzoefu wangu kwenye mkutano wa waunda boti na wauza vifaa

Koki ilinivunjikia mkononi boti ikiwa juu ya magogo, na bahati yangu ilikuwa hiyo. Ni ile koki inayofungwa kwenye tundu la chini ya mstari wa maji, inayoingiza maji ya bahari yakapoze injini. Boti ilikuwa na miaka minne tu tangu niishushe. Nilishika mkono wa koki niufunge kabla ya kufungua bomba, shingo ikakatika kama muwa mkavu. Pale ilipokatika hapakuwa na ule umanjano wa chuma kizima. Palikuwa na rangi ya waridi, kama ufizi.

Koki hiyo niliichagua mwenyewe, kwa picha, kutoka kwa muuzaji aliyeniandikia kuwa ni "ya baharini". Kwa hiyo mwaliko wa mkutano wa kuwakutanisha waunda boti na wauza vifaa uliponifikia wiki ile ile, nililipa ada ya kuingia bila kujishauri sana. Nikaitumbukiza koki kwenye mfuko wa koti, vipande vyote viwili.

Kwa asiyejua, mikutano hii si yale maonyesho ambako watu huenda kupanda boti mpya na kupiga picha. Hapa boti yenyewe haiuzwi, vinauzwa vinavyoingia ndani yake: resini (gundi ya kuundia boti za faibaglasi), pampu, nyaya, usukani, madirisha, injini. Mkubwa wao ni METSTRADE ya Amsterdam, ulioanza 1988 na hufanyika kila Novemba. Marekani wana IBEX, kule Tampa. Niliokwenda mimi ni mdogo, ukumbi mmoja na siku mbili, ila unajitangaza kwa jambo moja: huzunguki kutafuta. Unajaza fomu kwenye programu ya simu, unataja unachounda na unachohitaji, nayo inakupangia miadi ya dakika 20 na wauzaji. Kengele ikilia, kila mtu anahama meza.

Fomu yenyewe ndiyo kasoro ya kwanza. Inakuuliza kwa majina ya makundi: "mabomba na vali", "umeme", "vifaa vya sitaha". Hakuna mahali pa kuandika tatizo. Nami sikuwa natafuta "mabomba na vali", nilikuwa natafuta mtu wa kunieleza kwa nini koki ya miaka minne ina rangi ya ufizi. Haikuniuliza pia naunda boti ngapi kwa mwaka, na hilo lilikuja kunisumbua baadaye. Nilitia alama makundi matano, programu ikanipa miadi 11.

Miadi ya kwanza ilikuwa na kijana mchangamfu mwenye katalogi nene. Kabla sijatoa koki alishafika ukurasa wa arobaini. Nilipoitoa aliitazama kidogo, akafungua ukurasa wa koki zake na kunionyesha alama ya CE, ile ya kutimiza masharti ya Ulaya, iliyogongwa ubavuni. "Hii ina cheti, bosi." Sasa hapo nilikuwa nimejiandaa kidogo. Sheria ya Ulaya ya vyombo vya burudani, ile namba 2013/53, ina orodha fupi ya vifaa ambavyo ni lazima viwe na CE yake vyenyewe: usukani na mitambo yake, matangi ya mafuta na mipira yake, madirisha na vifuniko vya sitaha vilivyotengenezwa tayari, vifaa vya umeme visivyowasha moto kwa injini za petroli za ndani, na kinga ya kuzuia injini ya nje kuwaka ikiwa kwenye gia. Koki haimo. Alama ile inaweza kuwa imetoka kwenye sheria nyingine kabisa, ya shinikizo la mabomba, na haisemi lolote kuhusu maji ya chumvi. Nikamuuliza ni chuma gani. Akasema, "Ni shaba." Shaba gani? Kengele ikalia.

Wa pili alikuwa wakala. Alinipokea vizuri na akakiri mwenyewe kuwa yeye huuza kwa namba ya bidhaa tu, maswali ya chuma huyatuma kiwandani. Nilimheshimu kwa kusema kweli, lakini dakika 20 zilikuwa zimekwenda. Kati ya wale 11, kwa hesabu yangu, sita walikuwa mawakala wa namna hiyo, na kwenye programu wote wameandikwa "watengenezaji". Ningejua mapema ningepanga siku yangu kwa namna nyingine.

Miadi ya tano ndiyo iliyolipa ada yangu. Aliyekaa mbele yangu hakuwa na katalogi. Alikuwa dada wa makamo, fundi wa maabara ya kiwanda, aliyeletwa kumsindikiza mwenzake wa mauzo. Mwenzake alipoanza hotuba, yeye alishaona koki mezani. Hakuomba ruhusa. Aliichukua, akatoa funguo zake, akakwangua pale palipokatika. Vumbi jekundu likadondoka juu ya kitambaa cheupe cha meza, laini, kama matofali yaliyosagwa.

"Fundi, hii ni brasi ya kawaida," akasema. "Zinki yake imeliwa yote. Hapa umebaki na sifongo cha shaba."

Akanieleza kwa lugha niliyoielewa. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ikikaa kwenye maji ya chumvi, zinki huchomoka polepole na kuiacha shaba ikiwa na matundu yasiyoonekana. Umbo halibadiliki na unene haupungui, hata rangi ya mpako wa nje inabaki pale pale, ila nguvu imekwisha. Ndiyo maana kuitazama tu hakusaidii. Bronzi, ambayo ni shaba na bati, haina ugonjwa huo kwa kiasi hicho. Kati ya hizo mbili ipo brasi iliyotiwa arseniki kidogo kuizuia zinki isitoke, nayo mara nyingi hugongwa herufi DZR au CR. Kisha akaniambia jambo lililonitoa jasho: toleo la zamani la kiwango cha kimataifa cha ISO 9093, kinachohusu koki hizi, lilihesabu kuwa chuma hakiliwi na kutu kama kimedumu miaka mitano bila hitilafu. Miaka mitano! Mimi mteja wangu namwahidi ishirini. Upande wa Marekani, kiwango cha ABYC, baraza lao la boti, kinataka koki iliyokwisha kufungwa kwenye boti ihimili uzito wa ratili 500, karibu kilo 227, ukiegemezwa upande wa ndani kwa sekunde 30, kwa sababu siku moja mtu atakanyaga pale akiwa na haraka. Yangu ilishindwa na mkono mmoja.

Nikasema basi nipe za bronzi, saizi ya inchi moja. Akauliza: "Nyuzi gani?"

Nikababaika. Nyuzi ni ile mikato ya kuzungushia, kama ya skrubu. Boti za nyuma nilifunga nyuzi zilizokuja na mzigo, sikuwahi kuuliza. Zipo za BSP, za Kiingereza, ambazo pembe yake ni digrii 55, na zipo za NPT za Kimarekani zenye digrii 60 na zilizochongoka. Kwa saizi ya nusu inchi na ya robo tatu zote zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaanza kuingiana kama ndugu, zinazunguka mara mbili tatu, kisha zinakwama. Fundi mwenye haraka anaona zimekaza, anaongeza utepe mweupe na kushusha boti. Nilimpigia simu kijana wangu karakanani, nikamwambia achukue kipima nyuzi aende kwenye boti iliyo kwenye kalibu. Dakika nne nzima tukamsubiri, yule wa mauzo akitazama saa na yule dada akiendelea kukwangua koki yangu kama mtu anayemenya chungwa. Jibu likaja: BSP. Yule dada akaandika mbele yangu, pamoja na jina kamili la mchanganyiko wa chuma, si neno "shaba".

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayekwenda: acha mtu karakanani mwenye simu iliyochajiwa na vipimo mkononi. Huo ndio msaada mkubwa niliopata, na waandaaji hawakuutaja popote.

Meza za resini nitazipita haraka. Nilipata muuzaji aliyekubali kuandika tarehe ya kutengenezwa kwenye kila pipa kabla ya kusafirisha, jambo ambalo wengine walilikwepa. Resini ya poliesta haidumu, kwa kawaida ni miezi michache, mingi ikiwa sita ikihifadhiwa penye ubaridi. Ukipokea pipa lililokaa bandarini miezi minne, umenunua miezi miwili. Kichocheo chake, MEKP, kile kinachoifanya ikauke, hakipandishwi melini pamoja nayo hivi hivi kwa sababu ni peroksaidi, kundi la 5.2 la mizigo ya hatari, wakati resini iko kundi la 3 kwa kuwa ni kimiminika kinachowaka. Wauzaji wawili kati ya watatu walinipa profoma (ankara ya awali) ya resini bila kusema lolote kuhusu kichocheo. Ukipokea mapipa kumi ya resini bila kichocheo, umepokea mapipa kumi ya gundi isiyokauka.

Ukumbini palikuwa pia na onyesho la mtandao wa NMEA 2000, vyombo vyote vya usukani vikizungumza kupitia waya mmoja. Lilikuwa zuri, mtoa mada alijua kazi yake, na nilichotoka nacho ni kipimo kimoja: zima umeme, pima kati ya nyaya mbili za data, ukipata omu 60 basi vizuizi vya miisho yote miwili vipo. Ukipata 120, kimoja hakipo. Nimeshakitumia mara mbili.

Sasa nije kwenye kilichonikera hasa. Muuzaji wa koki za bronzi alikuwa tayari, bei tulielewana, kisha akataja kiwango cha chini cha oda: koki 200 kwa saizi. Mimi nashusha boti sita kwa mwaka, kila moja ina koki tatu au nne. Koki 200 ni za kumwachia mwanangu. Yule dada aliinamisha macho, maana halikuwa lake kuamua. Hapa ndipo lile swali lililokosekana kwenye fomu liliponigharimu. Programu ilijua kuwa nataka vali na kwamba huyu anauza vali, haikujua kwamba sisi wawili hatuwezi kufanya biashara. Na sikuwa peke yangu. Kwenye foleni ya kuchaji simu, mwunda boti mmoja wa boti za uvuvi alikuwa akilalamika jambo lile lile kuhusu muuzaji yule yule. Nyuma yake akaitikia mwingine. Tukasogea pembeni, tukahesabu kwenye kipande cha karatasi: watatu sisi, kwa miaka miwili, koki 130 za inchi moja. Tukarudi mezani kwa muuzaji bila miadi, wakati wa mapumziko, watatu kwa pamoja. Akapiga simu kiwandani. Wakakubali 130.

Miadi ya namna hiyo, ya mwunda boti na mwunda boti, haimo kwenye programu. Haiwezekani hata kuitafuta, kwa kuwa orodha ya waunda boti wanaiona wauzaji tu. Nadhani waandaaji wanaogopa tutapatana bei dhidi ya waliowalipia meza. Huenda. Lakini muuzaji huyo aliondoka na oda ambayo asingeipata.

Baada ya mkutano, kati ya wale 11, wanne waliniandikia bila kukumbushwa. Watatu walijibu baada ya mimi kuwatafuta. Wanne kimya, na mmoja wao ni yule mwenye katalogi. Sampuli mbili za koki zilifika wiki ya tano. Moja niliikata kwa msumeno nione ndani. Unaweza kuona ni ufujaji, lakini nilishajifunza kutoamini sura ya nje. Nyingine nimeifunga kwenye boti ya kwanza, na nimeandika tarehe kwa kalamu ya rangi juu ya mkono wake.

Nikitoa alama, nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nitakwenda tena mwakani, kwa siku moja, nikiwa na miadi minne na si kumi na moja, na kwa kila mmoja nitauliza kwanza kama anakuja na mtu wa kiwandani. Akisema hapana, nitamwomba katalogi kwa barua pepe.

Juzi waandaaji wamenitumia fomu ya maoni. Wanataka nipime mwanga wa ukumbi, mpangilio wa viti, na urahisi wa programu, moja hadi tano. Kuhusu koki nimeandika kwenye kisanduku cha "maoni mengine". Nilikuwa nimefika kwenye nyuzi za BSP nafasi ya herufi ikaisha.