Kijiwe cha kahawa nyuma ya Mtaa wa Aggrey: kahawa safi, beseni baya, na kaunta buku la fundi saa

Nianze na kahawa, maana ndiyo inayouzwa. Ni chungu kama inavyotakiwa, ina tangawizi kwa mbali, na inamiminwa kutoka kwenye dele lililokaa juu ya mkaa tangu saa kumi jioni. Kikombe shilingi 200, kashata nayo 200, ya karanga au ya nazi, ila ya nazi huisha kabla sijafunga duka. Nauza zipu, vifungo na nyuzi hatua chache kutoka pale, kwa hiyo siandiki kama mgeni aliyepita mara moja akaonja. Lile benchi nimelikalia miaka saba, mara nyingi nikiwa mwanamke peke yangu, na walishaacha kunishangaa.

Lawama yangu ni beseni. Vikombe vyote vinasuuzwa humo humo, na ikifika saa kumi na mbili maji yana rangi ya kahawa yenyewe. Nilimwambia mzee wa kahawa, akacheka: "Mwanangu, ndiyo maana ladha haipungui." Siku hizi naenda na kikombe changu. Nawe nenda na chako, na uwe na chenji. Noti ya elfu kumi pale ni kumtukana mzee.

Lakini watu hawajazani pale kwa sababu ya kahawa. Wanafuata ubishi, na ubishi wenyewe ni vita vya Marekani: nani mwenye ruhusa ya kuvianzisha, rais au Bunge lake. Ukutani wanakaa mashabiki wa chama cha Republican, tunawaita tembo. Upande wa barabarani wanakaa wa Democrat, punda, kwa wanyama wa vyama vyenyewe. Hakuna hata mmoja mwenye kura kule, na jambo hilo halijawahi kumpunguzia mtu sauti. Ni Simba na Yanga tu: penalti yetu halali, yenu refa kala hela. Kombora likirushwa na rais wa upande wako ni ulinzi. Likirushwa na wa upande wa pili ni ubeberu, na ghafla kila mtu anakuwa mwanasheria wa katiba.

Vijiwe vya namna hiyo viko vingi mjini (kuna kimoja Magomeni chenye viti vya maana, si benchi la kuchana sketi). Kinachonirudisha hapa ni kaunta buku la fundi saa. Kona zake zimeliwa, jalada limefungwa kwa mpira. Ndani anaandika vitu viwili: kwa wino wa bluu, kura zilizopigwa Marekani, kwa wino mwekundu, maneno tuliyosema sisi hapa, na tarehe, na jina la msemaji. Akikubana kwa maneno yako mwenyewe, unalipia benchi zima.

Siku niliyoelewa thamani ya kitabu kile, kijana wa bodaboda, punda, alikuwa amesimama anapiga kelele kwamba ile 1973 ndiyo iliyompa Obama, rais wa punda, ruhusa ya kuipiga Libya. Ticha mmoja mstaafu, punda mwenzake, akamjibu kwamba 1973 ndiyo iliyomfunga mikono. Walikwenda hivyo nusu saa, wa chama kimoja wao kwa wao, tembo wakila kashata kwa raha zao. Fundi saa akatoa mpira, akalamba kidole, akafungua. Kumbe wote wawili wako sawa. Kuna Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 17 Machi 2011, lililoruhusu nguvu kutumika kuwalinda raia wa Libya. Na kuna sheria ya Kongresi, yaani Bunge la Marekani, ya mwaka 1973, iliyopita ingawa Rais Nixon aliipigia kura ya turufu, inayomtaka rais alitaarifu Bunge ndani ya saa 48 akishapeleka jeshi vitani, na alirudishe baada ya siku 60, pengine na 30 za kuondokea, kama Bunge halijamruhusu. Namba moja, milango miwili.

Siku 60 za Libya zilikwisha, Obama akaendelea. Watu wake wakasema hayo si mapigano yanayotajwa na sheria, kwa kuwa hakuna askari wa miguu aliyeshushwa. Tarehe 24 Juni 2011 Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Kongresi (la pili ni Seneti), likakataa kumruhusu, kura 295 kwa 123. Halafu siku hiyo hiyo likakataa pia kumbana fedha. Fundi alipolisoma hilo nilicheka hadi kahawa ikaniingia puani. Ni sawa na kumwambia mume hakuna kutoka leo, huku unamhesabia nauli.

Kijana wa bodaboda akajikaza: basi Afrika tulionewa. Wino wa bluu ukamjibu. Katika kura za Azimio 1973, Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zilisema ndiyo. Akaomba kikombe kingine.

Utendaji wa kitabu ni wa haki, nalisema hilo kama mteja. Januari 2020, Soleimani, jenerali wa Iran, alipouawa Baghdad kwa amri ya Trump, rais wa tembo, Ticha alikuja amewaka: rais hana ruhusa ya kuleta vita bila Kongresi. Fundi akamsomea wino mwekundu wa 2011: "Kongresi inachelewesha tu. Ticha." Ticha alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha, akalipia watu kumi na mmoja. Tembo waliocheka zaidi walifunuliwa ukurasa uliofuata. Wao 2011 walikuwa wakizihesabu zile siku 60 kama mwezi wa Ramadhani. Na punda wakidai Iraq ilikuwa dhambi ya tembo peke yao, wanasomewa kura ya Seneti ya Oktoba 2002 ya kuruhusu vita hivyo: 77 kwa 23, na punda 29 wamo kwenye ndiyo.

Mzee wa kahawa hachangii sana. Alikuwa vita vya Kagera. Mara moja tu kijana alimuuliza, 1978 Mwalimu aliposema uwezo, sababu na nia tunavyo, nyinyi mlipiga kura gani. Mzee akapuliza mkaa. "Chama kilikuwa kimoja. Sisi tuliulizwa namba ya kiatu." Fundi ameibandika Ibara ya 44 ya Katiba yetu ndani ya jalada: rais akishatangaza vita, Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14, lijadili kama linaunga mkono. Kijana akashangilia kwamba tumewashinda Wamarekani, 14 kwa 60. Ticha alitumia vikombe viwili kumweleza kwamba zile ni siku za kupigana na hizi ni za kuitisha kikao, na sidhani kama alimwelewa.

Jumamosi iliyopita kalamu nyekundu ilinigeukia mimi. Miaka saba nimekwepa. Nikasema: rais yeyote, tembo au punda, aende bungeni kwanza ndipo apige. Fundi akaandika, akaweka tarehe. Kisha akauliza polepole, "Na 1998, dada?"

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la tano, Kinondoni. Ijumaa tarehe 7 Agosti madirisha ya darasa yalitikisika, mwalimu akanyamaza na chaki mkononi. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umelipuliwa, watu 11 wakafa hapa Dar es Salaam, na kule Nairobi, ulikolipuliwa mwingine, zaidi ya 200. Tarehe 20 Clinton, rais wa punda, akarusha makombora Afghanistan, na Sudan kwenye kiwanda cha dawa cha Khartoum, siku tatu tu baada ya kukiri kwenye televisheni uhusiano wake na Lewinsky, binti aliyefanya kazi Ikulu yake. Seneta Dan Coats, tembo, akauliza kwa nini iwe siku hizo. Gingrich, Spika na tembo mwenzake, akamuunga mkono rais. Bunge halikupiga kura kwanza. Na nyumbani kwetu, usiku ule, baba alipiga makofi mbele ya redio, na mimi nikapiga naye.

Sikumjibu fundi. Kahawa ilipoa mkononi, mzee akanimwagia bila kuniuliza akanijazia nyingine. Chini ya jina langu fundi ameacha mistari miwili wazi.