Testa ya pawasapulai yenye skrini: uzoefu wangu kwenye kompyuta za mezani zinazokataa kuwaka

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, wengi hukimbilia RAM (vijiti vya kumbukumbu) au kadi ya picha, kwa hoja kwamba umeme si unaonekana upo? Hoja hiyo inapoteza muda mwingi. Feni ya volti 12 huzunguka hata ikipewa 10, wakati prosesa na ubao mama havivumilii upungufu huo. Kwa sababu hiyo siku hizi naanza na testa ya pawasapulai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kabla sijagusa kitu kingine.

Ninayoitumia ni ile ya kiganjani yenye skrini ndogo ya namba. Ina tundu la plagi kubwa ya pini 24, matundu ya plagi ya prosesa na ya kadi ya picha, pamoja na ya SATA na Molex, yaani plagi za diski na vifaa vingine. Zipo pia za vitaa tu, na hizo sizipendekezi, kwa kuwa kitaa huwaka kijani hata volti zikiwa ukingoni kabisa.

Matumizi yake ni mepesi. Zima swichi ya nyuma, chomoa plagi zote za pawasapulai kwenye ubao mama, kadi na diski, kisha chomeka ile ya pini 24 kwenye testa na uwashe swichi. Testa yenyewe huunganisha pini ya 16, ile ya kuiamuru pawasapulai iwake, na ardhi (waya mweusi), kazi ambayo wengine huifanya kwa klipu ya karatasi. Tofauti ni kwamba klipu hukuambia tu kuwa feni inazunguka, ilhali testa inakupa vipimo. Plagi ya prosesa na ya kadi ya picha zipime moja moja, usizichomeke kwa pamoja.

Namba za kushika ni hizi: volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, na 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Ile ya hasi 12 inaruhusiwa kuyumba zaidi, kuanzia -10.8 hadi -13.2.

Kuna vipimo viwili ambavyo watu huviruka, na kwangu ndivyo vinavyoipa testa thamani yake. Cha kwanza ni 5VSB, yaani umeme wa akiba unaokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Usipokuwepo, ukibonyeza kitufe hakuna kinachotokea, hata feni haitikisiki. Ukiwa dhaifu, kompyuta hukubali kuwaka baada ya kubonyezwa mara kadhaa, na mtu huanza kukilaumu kitufe. Cha pili ni PG (Power Good), kinachosomwa kwa milisekunde. Hii ni ishara ambayo pawasapulai huupelekea ubao mama kusema volti zimetulia. Mpaka ifike, ubao huishikilia prosesa isianze kazi. Inatakiwa ije kati ya milisekunde 100 na 500. Isipokuja, utaona feni na taa zote zinawaka, lakini hakuna picha wala mlio, na hapo hata ukibadilisha RAM zote hutaambulia kitu.

Sasa udhaifu wake. Testa haivuti umeme mwingi, kwa hiyo pawasapulai iliyochoka inaweza kufaulu hapa, kisha ikaanguka pale kadi ya picha inapoanza kazi. Dalili yake ni kompyuta kubuti vizuri na kujizima Windows inapopakia au mchezo unapoanza. Hapo natumia mita ya kupimia volti (multimeter): narudisha kila kitu, nawasha kompyuta, naweka ncha nyekundu kwenye waya wa njano wa plagi ya Molex iliyo wazi na nyeusi kwenye waya mweusi, kisha naipa kompyuta kazi nzito nikitazama namba. Ikishuka chini ya 11.4, pawasapulai ibadilishwe. Usiifungue kuitengeneza kama hujasomea. Kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Udhaifu mwingine ni desimali moja. Ikiandika 3.1, huwezi kujua kama ni 3.14 inayokubalika au 3.06 isiyokubalika. Hapo pia mita ndiyo mwamuzi.

Pawasapulai ikifaulu, naangalia kwanza plagi ya pini 8 ya prosesa, ile ya kona ya juu ya ubao. Ikisahaulika, feni huzunguka na kompyuta haibuti. Kisha nabakiza kijiti kimoja cha RAM kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa. Kwa RAM za aina ya DDR5 subira inahitajika, kwani mara ya kwanza ubao unaweza kuchukua dakika kadhaa kuizoea RAM huku skrini ikiwa nyeusi. Ukizima katikati, unaanza upya. Ili kurudisha mipangilio ya awali ya ubao, naondoa betri yake ndogo ya CR2032, nabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 umeme ukiwa umechomolewa, kisha narudisha betri. Kama kitufe hakijibu kabisa, nagusisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili za ubao zilizoandikwa PWR_SW, ambako waya wa kitufe huchomekwa. Ikiwaka, tatizo ni kitufe au waya wake.

Kwa anayetengeneza kompyuta mara kwa mara, testa hii naipendekeza bila kusita. Mwenye kompyuta moja nyumbani ni afadhali anunue mita, maana itamfaa kwa mengine pia.

Na ukiishia kubadilisha pawasapulai yenye kebo za kuchomoa, toa na kebo zake zote za zamani. Plagi za upande wa pawasapulai zinaweza kuingia vizuri kabisa na bado mpangilio wa pini ukawa tofauti, hata kwa mtengenezaji yuleyule, na volti 12 ikienda kwenye waya wa volti 5 huunguza diski papo hapo.