Pawa saplai na feni ya prosesa kwa PC ya gemu: uliza nyuzi joto kabla hujauliza wati

Kuanzia Desemba mpaka Machi, ujumbe ninaoupata kutoka kwa wasomaji wa Dar na Mombasa ni kama umeandikwa na mtu mmoja. "Dada, mashine inazima yenyewe nikiwa katikati ya gemu. Usiku napiga mpaka saa nane haina neno, ila mchana haimalizi mechi mbili." Wengi wanakuwa wameshapita kwa fundi. Fundi kapiga Windows upya, kachukua chake, na kesho yake saa tisa alasiri skrini nyeusi. Mmoja wa Tabata aliuziwa mpaka RAM mpya, maskini, na ile ya zamani haikuwa na tatizo lolote.

Mashine inayokufa mchana na kufufuka usiku, kabla ya kuilaumu Windows, itazame joto lake. Ila nikiwauliza hawa wadau pawa saplai yao, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, imepimwa kwenye nyuzi joto ngapi, jibu ni lile lile: "Imeandikwa 600W."

Kwa hiyo leo sitakaa kwenye wati, wala taa za rangi, wala ukimya wa feni. Vikokotoo vya wati viko kibao mtandaoni na vingi vinatosha. Nataka nikae kwenye jambo moja ambalo sijawahi kumsikia muuzaji yeyote wa Kariakoo akilitaja.

Wati hizo zimepimwa kwenye joto gani?

Mtengenezaji anapoandika 650W, anaahidi wati hizo mfululizo ikiwa hewa inayoingia kwenye pawa saplai haijazidi joto fulani. Wengine wanaahidi kwa nyuzi 50, wengine 40, na hizi za bei chee, ukibahatika kukuta wameandika chochote, ni 25 au 30. Ukipita hapo ahadi inapungua. Seasonic kwenye Focus GX wameweka wazi: mzigo wote mpaka nyuzi 40, na kati ya 40 na 50 ni asilimia 80 tu. Maana yake 650W yako inageuka 520W. Na hao ni wenye adabu, angalau wamekuandikia. Taarifa hii mara nyingi haipo kwenye ile lebo ya ubavuni. Itafute kwenye boksi au kwenye ukurasa wa bidhaa kwa mtengenezaji mwenyewe, siyo kwenye tangazo la dukani.

Nembo ya 80 Plus Gold haikusaidii hapa. Inakuambia umeme kiasi gani unapotea njiani, na vipimo vyake hufanyika kwenye chumba cha nyuzi 23 hivi. Sisi Dar nyuzi 23 tunaziona Julai, tena usiku.

Februari nje ni 32. Chumba chenye paa la bati na hakina AC kinapita hapo. Weka ndani yake kasha lenye kioo mbele badala ya matundu, kadi ya picha (GPU) ya RTX 3060 inayomwaga wati 170 za moto, na prosesa nayo ikichangia lake. Hewa ya ndani ya kasha kufika nyuzi 40 na ushee hapo ni jambo la kawaida kabisa. Kama pawa saplai yako inavuta hewa hiyo hiyo, umeshakula posho yote kabla gemu halijapamba moto.

Pawa saplai nzuri ikizidiwa, sensa yake ya joto inakata umeme. Ndiyo ile skrini nyeusi ya saa tisa, na kwa kweli hapo umepona. Mbaya haina sensa, inaendelea tu mpaka usikie harufu. Hata isipoungua, kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme ndani yake, zinakwisha kimyakimya: kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, maisha ya kapasita yanapungua nusu. Za maana zina kapasita za nyuzi 105, na za bei ya chini zina za 85. Kwa hiyo mtu wa Helsinki na mtu wa Mbagala wakinunua pawa saplai moja siku moja, hawajanunua kitu kimoja. Watu wa Nairobi, Arusha na Mbeya mna nafuu, msinichoke.

Kabla ya kununua chochote, geuza pawa saplai uliyonayo. Kama kasha lina matundu chini, feni yake itazame chini ivute hewa ya chumbani, na kasha lisikae juu ya zulia. Wapo waliopona kwa hilo tu, bila kutoa shilingi.

Pawa saplai, kwa mpangilio wangu

Ya kwanza ni Corsair RMx, 750W. Sijifichi, hii nina upendeleo nayo. Imepimwa kwa nyuzi 50, mzigo wote, na waranti ya mtengenezaji ni miaka 10. Inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240, kwa hiyo umeme ukilegea jioni, wakati mtaa mzima umewasha friji na pasi, haishtuki upesi. Jambo moja tu la kujua: ukiwa umefungua kivinjari au unaandika, feni yake haizunguki. Imetengenezwa hivyo makusudi, inaanza kuzunguka mzigo ukipanda. Nawaambia kwa sababu kuna watu wameirudisha dukani wakidai feni ni mbovu, na kuna fundi aliyekubali akaibadilishia feni. Usimruhusu mtu afungue pawa saplai yako kwa sababu hiyo. Ndani mna kapasita zinazoweza kukurusha hata kama umeshachomoa waya ukutani.

Ya pili ni Seasonic Focus GX, nayo ina waranti ya miaka 10. Kwa zile nyuzi 40 zake, chukua ngazi moja juu ya unayohitaji. Kama hesabu zako zinasema 650W, nunua 750W, ukaendelee na maisha.

Ya tatu ni mtumba wa hizo mbili, kwa sharti nitakalolieleza chini, na silegezi hata kidogo.

Ya nne ni zile za 80 Plus Bronze, ngazi iliyo chini ya Gold, za kampuni zinazojulikana, mfano Cooler Master MWE. Kwa RX 6600 yenye wati 132, au RTX 4060 yenye 115, zinatosha. Usiipandishie GPU kubwa.

Maboksi ya "600W Gaming" yasiyo na jina: soma ampea za mstari wa 12V, zidisha kwa 12. Ikiwa ni 20, una wati 240 za kuendeshea prosesa na GPU, hizo nyingine ni mapambo. Na kama nyuma kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka, la sivyo utasikia mlio. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Neno kwa wenye Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, maana najua ndiyo njia ya wengi kuanzia: mashine za ofisi, unapachika GPU, unacheza. Nyingi zina pawa saplai ya umbo lake na plagi zake kwenye mazabodi (ule ubao mkuu wa mashine), kwa hiyo hiyo Corsair ninayoisifia haitaingia. Zile ndogo zina wati mia mbili na kitu, na hazina waya wa kulisha GPU. Hapo kaa na GPU inayokula kwenye nafasi yake ya mazabodi tu, ambayo mwisho wake ni wati 75: GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, au RX 6400. Muuzaji akikupa adapta ya kugeuza plagi ya diski iwe ya kulisha GPU kubwa, mwambie asante, uondoke.

Feni ya prosesa

Hapa nyuzi joto ni hesabu ya kujumlisha. Feni haishushi prosesa chini ya joto la chumba, hata ya maji haiwezi. Anayepima Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 21 akipata 75, wewe kwenye chumba cha 32 andika 86. Prosesa ya Ryzen 5 5600 mwisho wake ni 90, na Ryzen 7 7800X3D ni 89. Ikifika hapo haiungui, inajipunguzia kasi, na wewe unaanza kulaumu intaneti.

Namba moja ni Thermalright Peerless Assassin 120 SE, na sioni mshindani wake wa karibu kwa bei hiyo. Minara miwili, mirija sita ya joto, feni mbili za milimita 120. Marekani inauzwa dola 35 hivi. Phantom Spirit ni ndugu yake mwenye mirija saba. Ukiikuta kwa bei ile ile, ichukue. Pima kasha lako kwanza: Peerless Assassin ina urefu wa milimita 155, na makasha membamba ya mtumba hayafungi mlango. Angalia pia RAM, kama ina mapembe marefu ya taa utalazimika kuisogeza feni ya mbele juu.

Namba mbili ni Noctua, NH-U12S au ile kubwa NH-D15. Zinadumu, waranti miaka 6, na ukibadilisha mazabodi kampuni ina utaratibu wa kukupa vifungio vipya. Rangi yake ya kahawia watu wanaicheka, mimi haijanisumbua. Bei ndiyo inayosumbua, kwa sababu tofauti ya nyuzi na Peerless Assassin ni ndogo mno kulipia mara mbili au tatu.

Namba tatu ni Thermalright Assassin X 120, mnara mmoja, kwa Ryzen 5 5600 au i5-12400F. Zote mbili hizo huja na feni yake kwenye boksi, na Nairobi ningesema baki nayo. Dar i5-12400F ikipanda mpaka wati zake 117, ile feni ya boksi itapiga kelele mpaka jirani agonge ukuta.

Za maji sizipangi. Najua zinapendeza. Lakini pampu ni kitu kinachokufa, na maji yanapungua polepole kupitia mipira yake hata ukiiacha imefungwa. Ikifa, mtaani kwetu hakuna wa kuifufua, na unarudi kununua ile ya dola 35. Kama lazima, Arctic Liquid Freezer III wana waranti ya miaka 6.

Pesti ya zamani, ile inayopakwa kati ya prosesa na feni kupitisha joto, ifute kabla hujafunga feni mpya. Mafundi wengine wanapaka juu ya ile iliyokauka.

Sasa wauzaji

Lile sharti la mtumba ni waya. Pawa saplai nyingi nzuri waya zake huchomolewa, na zikija kwenye kontena kutoka Dubai au Uingereza zinafika bila waya zake. Muuzaji anainama chini ya kaunta, anavuta katoni iliyojaa nyaya za kila kabila, anajaribu moja baada ya nyingine mpaka moja iingie. "Hii hapa dada, imeingia." Imeingia, ndiyo. Plagi za upande wa pawa saplai zinafanana umbo kati ya kampuni na kampuni, lakini pini hazijapangwa sawa. Volti 12 zinapita mahali palipongoja 5, na SSD yako, diski inayohifadhi gemu na faili zako, inakufa sekunde ile unayobonyeza swichi. Hata toleo na toleo la kampuni moja linaweza kutofautiana. Kama waya si zake, na hakuna mtu wa kuzipima pini kwa pini, hiyo bei nzuri uliyopewa ni bei ya SSD yako.

Kisha kuna hili la risiti. Unaulizia RMx, unapewa bei mbili: ya risiti na isiyo na risiti. Tofauti yake wanasema ni VAT, ile asilimia 18, kama vile bei ya kwanza haikuwa tayari imepandishwa. Wengi tunachukua ya chini. Halafu mwaka wa tatu pawa saplai inakufa, unamwandikia mtengenezaji kuhusu waranti yako ya miaka 10, na jambo la kwanza anaomba ni risiti yenye tarehe na jina la duka. Kile kikaratasi cha mkono kilichopigwa muhuri wa "Mali ikiuzwa hairudishwi" hakina kazi hapo. Kwa kitu cha laki tano na ushee, dai ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya risiti za kodi, ipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wake unafutika ndani ya mwaka, na hakikisha namba ya utambulisho (serial) iliyoko kwenye boksi inalingana na iliyoko kwenye pawa saplai. Nimeona maboksi ya 750W yenye 550W ndani.